UZI: Bidoni la lita 20, fimbo ya mita 1 na yale malengo 17 ya ukutani

jiwe_jeusi (Goma, Katindo)

Jambo walimu wenzangu, jambo wazazi mliomo humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke hadi alipoingia mtu wa Lubumbashi.

Shule nyingi za mji wetu siku hizi zina ile karatasi ya viboksi 17 vya rangi, imebandikwa nyuma ya kiti cha mwalimu. Malengo ya Maendeleo Endelevu: nchi 193 ziliyapitisha Umoja wa Mataifa Septemba 2015, mwisho wake 2030. Watoto wanayaimba. Mgeni akifika wanapandisha sauti, mgeni anapiga picha, anapanda gari. Sasa muulize mtoto yuleyule jana alikaa dakika ngapi kwenye foleni ya maji. Atakutazama tu, maana shuleni hajawahi kuulizwa kitu cha namna hiyo.

Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi baadhi yenu: weka pembeni malengo 16, baki na moja, na hilo moja mtoto alipime mwenyewe. Hesabu itakuja tu, kwa sababu huwezi kupima kitu bila hesabu.

Mimi nilianza na bidoni. Nafundisha darasa la sita la msingi. Wengi wao huteka maji ziwani, wengine kwenye robine (bomba) ya kulipia. Kazi waliyopewa: kwa wiki nzima andika saa uliyotoka nyumbani na bidoni tupu, na saa uliyorudi nalo limejaa. Asiye na saa aazime simu ya mkubwa au asikilize redio. Jumatatu tukachora ubaoni.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana ngazi yao ya kupimia lengo la sita, lile la maji. Chanzo kikiwa cha kuaminika, na safari ya kwenda, kupanga foleni na kurudi isipozidi dakika 30, nyumba hiyo inahesabiwa kuwa na huduma ya msingi. Zikizidi 30, inashuka. Anayeteka moja kwa moja ziwani au mtoni yuko ngazi ya chini kabisa. Nikavuta mstari mwekundu kwenye 30, na darasa likalipuka. Mmoja akaruka: “Mwalimu, mimi niko juu ya mstari!” Kwake kuwa juu ni kufaulu, kama pointi za mtihani. Somo la kusoma grafu likaanzia hapo, na sikuwa nimeliandika kwenye maandalizi.

Halafu wastani. Kuna aliyekuta robine imekauka siku moja, akarudi baada ya saa tatu, akauvuruga wastani wa kundi zima. Wenzake wakataka afutwe. Nikawaambia hapana, siku hiyo ilikuwepo. Pangeni namba zote kutoka ndogo hadi kubwa, chukueni ile ya katikati, mlinganishe na wastani. Wakaona wenyewe namba ipi inasema ukweli wa siku za kawaida.

Na uzito: lita 20 za maji ni kilo 20. Mtoto wa kilo 30 anabeba theluthi mbili ya mwili wake. Sehemu nimezifundishia hapo, machungwa ya kitabuni yakapumzika.

Nguzo ndefu karibu zote zilikuwa za wasichana. Darasa likatulia kidogo, kisha mvulana wa nyuma akasema: “Kwetu dada ndiye anaenda.” Hilo ni lengo la tano, la usawa wa kijinsia, limeingia bila wimbo.

Nyinyi mnafanyaje?

---

mama_wa_watatu (Himbi)

Jambo mwalimu. Mimi ni mzazi, naongea kama mzazi. Mwanangu alikuja na kazi ya aina hiyo, si kwako, kwa mwalimu mwingine. Mwisho wa mwaka ana mtihani wa taifa wa kumaliza msingi. Masomo yanatugharimu, hata huku tunaambiwa ni bure. Nataka ajue kugawanya na kuandika kifaransa bila makosa. Foleni ya maji anaijua tangu hajaanza shule, hahitaji mwalimu amfundishe.

jiwe_jeusi

Mama, nakuheshimu, na hofu ya mtihani ninayo pia, maana matokeo yakiwa mabaya swali la kwanza linakuja kwangu. Lakini tazama maswali yenyewe ya mtihani: muda, mwendo, ujazo, asilimia. “Bomba linajaza pipa la lita 200 kwa dakika 25…” Mtoto aliyewahi kusimama na saa mkononi akisubiri bidoni lijae hababaiki na swali hilo, anajua jibu la dakika 2 ni la ajabu hata kabla hajakokotoa. Asiyewahi anaandika chochote na kuweka kituo.

Kuhusu kifaransa: tunabishana kwa Kiswahili, tunaandika ripoti kwa kifaransa. Akishaelewa kitu, sentensi inapatikana. Akiwa hajaelewa, anakariri sentensi ya mwenzake.

chaki_nyeupe (Ndosho)

Mwalimu, maneno mazuri, ila mimi nina watoto zaidi ya 70 kwenye chumba kimoja na mabenchi ya wanne wanakaa sita. Vifaa sina. Inspekta akija anataka kuona fishi ya maandalizi, haulizi habari za mabidoni.

Hata hivyo nawapa moja ninayofanya, maana inahitaji beseni, mishumaa miwili, siki na bikaboneti ya kuokea mandazi. Kata mshumaa mmoja uwe mfupi, wa pili uache mrefu, uiwashe yote ndani ya beseni. Changanya siki na bikaboneti kwenye jagi, ngoja povu litulie, kisha inamisha jagi polepole kama unayemimina maji, lakini kimiminika kisitoke. Hakuna kinachoonekana kikimiminika. Mshumaa mfupi unazimika. Mrefu unaendelea kuwaka, halafu nao unazimika.

Hapo uliza: kwa nini mbuzi anakufa kwenye mazuku (mashimo yenye gesi ya volkano) na mwenye mbuzi amesimama mzima? Watoto 70 watanyamaza, halafu wote watajibu pamoja. Gesi ni kaboni dioksidi. Wakubwa waambie namba: uzito wake wa molekuli ni 44, wa hewa ya kawaida kama 29, ndiyo maana inalala mabondeni na kwenye mashimo asubuhi ambapo hakuna upepo. Kuanzia siku hiyo hakuna anayetaka kuchuchumaa kwenye shimo la lava kuokota mpira.

Tafadhali, msiwapeleke watoto kutazama mazuku yenyewe kule magharibi ya mji kando ya ziwa. Beseni linatosha.

jiwe_jeusi

Chaki, hiyo naichukua leo. Kuhusu wingi: watoto 70 ni makundi 10 ya saba, na kila kundi lina mshika kamba, msoma namba, mwandishi, na mmoja wa kubisha tu. Huyo wa kubisha mchague vizuri, ndiye muhimu. Na fishi ya inspekta inaandikika: mada “ujazo na uzito”, nyenzo “bidoni”. Hakuna sheria inayosema nyenzo lazima iwe chati.

Jiandae na swali litakalofuata beseni. Kwangu lilikuja siku ileile: “Na gesi iliyo ndani ya ziwa?” Usikimbie. Ziwa Kivu lina kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na kama 60 za metani, zimebanwa chini na uzito wa maji, kina kinafika karibu mita 480. Nimewaeleza ziwa Nyos la Kameruni, Agosti 1986, gesi ilitoka ziwani ikaua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Nimewaeleza pia kwamba upande wa Rwanda, Karongi, mtambo wa KivuWatt unavuta metani hiyo na kuzalisha megawati 26 za umeme. Mtoto wa Goma anaishi juu ya lengo la saba (nishati) na la kumi na tatu (tabianchi) kwa pamoja, kwa nini umpe mfano wa dubu wa barafu?

---

muuguzi_ziwani (Goma)

Nimefurahi kuona maji humu, nami niongeze la kazini kwangu. Pale ziwani kuna watu wanaotia klorini ndani ya bidoni kwa sindano. Watoto wanadhani dawa ikishaingia maji ni salama papo hapo, wanakunywa njiani. Inahitaji kama dakika 30 kufanya kazi. Umbali wa kurudi nyumbani mara nyingi hautoshi, kwa hiyo wale wanaokaa karibu na ziwa ndio wanaokunywa mapema zaidi. Wapigieni hesabu hiyo watoto, ni nzuri.

Na mkipata wa kuwasaidia, kipo kidonge cha kupimia: unakitia kwenye kichupa cha maji, maji yanageuka ya pinki. Pinki ikikolea klorini ni nyingi, maji yakibaki meupe haipo. Tunatafuta iliyobaki iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita wakati wa kunywa. Mtoto apime saa anayofika nyumbani, apime tena kesho yake asubuhi kwenye bidoni lilelile. Rangi imepungua. Bidoni lenye utelezi ndani linapunguza haraka zaidi. Kipindupindu kwetu hakiishi, kinapumzika tu, na mama wengi wameanza kusugua mabidoni kwa mchanga baada ya mtoto kuleta habari hiyo nyumbani.

Ila klorini yenyewe watoto wasiishike. Hilo sina mjadala nalo.

---

nasema_wazi

Naomba nipinge. Haya malengo ni ya wafadhili. Yaliandikwa na watu ambao hawajawahi kubeba bidoni, na mwaka 2030 ukifika wataandika mengine. Mtoto akishapima foleni yake, basi foleni inapungua? Mnamfundisha kuhesabu shida yake halafu anarudi kuibeba. Katika hali ya mji wetu ambayo kila mtu anaijua, huo ni mchezo.

jiwe_jeusi

Ndugu, nusu ya maneno yako nayasaini. Foleni haikupungua. Watoto walipeleka grafu yao kwa shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), akaipokea vizuri, akaiweka mezani, na hadi leo iko mezani.

Lakini sikubali kwamba ni mchezo. Kuna tofauti kati ya mtoto anayesema “maji ni shida” na anayesema “kwenye avenyu yetu, siku ya kawaida ni dakika 50, siku robine ikikauka ni saa tatu”. Wa kwanza anaambiwa avumilie. Wa pili anaulizwa “umejuaje?” na jibu analo. Mimi sifundishi malengo, nafundisha jibu la “umejuaje”. Kama wafadhili wameniletea karatasi ya rangi ninayoweza kuitumia kwa kazi hiyo, nitaitumia.

mama_wa_watatu (Himbi)

Hapo kwenye “umejuaje” nimekuelewa. Mtihani bado naujali.

---

lushi_fizikia (Lubumbashi, Kamalondo)

Salamu toka Lubumbashi. Nimesoma yote, nikafungua ramani. Goma mko karibu digrii 1.7 kusini ya ikweta, sisi karibu 11.7. Tofauti ni 10, namba ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaigawanya. Tena tuko karibu mstari mmoja wa kaskazini na kusini: nyinyi longitudo 29 na kidogo, sisi 27 na nusu. Mnaona ninakoelekea?

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes, mtaalamu Mgiriki, aliupima mzunguko wa dunia kwa vivuli vya Misri, kati ya Siene na Aleksandria. Tofauti yake ilikuwa digrii 7.2, sehemu 1 ya 50 ya duara. Sisi tuna sehemu 1 ya 36, na tuna simu za kuambiana.

Mnamo 27 Septemba jua linapita utosini pa Goma (linapita tena katikati ya Machi, lakini Machi mvua itatuharibia sote, Septemba kwetu ni mwisho wa kiangazi). Siku hiyo, jua likiwa juu kabisa, fimbo iliyosimama wima Goma haina kivuli. Fimbo ya mita 1 hapa kwetu itakuwa na kivuli cha sentimita 17 na nusu hivi, kikielekea kusini. Mtoto anachora pembetatu hiyo kwa kipimo daftarini, anaweka kipimapembe, anasoma 10. Duara lina 360, kwa hiyo kipande chetu kinaingia mara 36. Umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya miji yetu ni kama kilomita 1,105. Mara 36 ni 39,780. Kupitia ncha zote mbili dunia ina kilomita 40,008. Kwa fimbo!

Onyo: huo umbali msiupate kwa kuzidisha digrii mara 111. Hiyo ni kuibia jibu kisha kujifanya mmelikokotoa. Chukueni ramani ya ukutani yenye kipimo cha kilomita na rula. Tena mpime kwenda kusini moja kwa moja, msikate mshazari hadi Lubumbashi, la sivyo mtapata kama 1,120.

jiwe_jeusi

Kaka, umeniharibia usingizi. Jana nilijaribu na watoto wachache baada ya masomo, siku ya kawaida tu, kuona shida ziko wapi. Ziko nyingi. Uwanja wetu ni mawe ya lava, hakuna sehemu iliyo sawa hata ya mkeka. Tukaweka kipande cha tripleksi (ubao mwembamba) juu ya mawe, tukakisawazisha kwa sahani ya maji, tukiweka vijiwe chini ya kona moja, kisha nyingine, hadi maji yakalingana na ukingo wa sahani pande zote. Fimbo ikasimamishwa wima kwa uzi wa wavuvi wa sambaza uliofungwa nati.

Kisha chaki: alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 2. Alama zinakaribiana, zinakaribiana, halafu zinaanza kurudi mbali. Wanasema “mwalimu, imegeuka!” Walizoea saa sita ya simu, wakashangaa kwamba jua halikuifuata.

Tatizo langu ni ncha yenyewe. Si mstari. Ni ukungu wa karibu sentimita 1, watoto watatu wanaweka alama sehemu tatu na kila mmoja anaapa.

lushi_fizikia

Ukungu huo ni haki yake. Jua si nukta, lina upana wa karibu nusu digrii angani, kwa hiyo kwenye fimbo ya mita 1 ncha inatawanyika kama milimita 9. Mkikosea nusu yake tu, pembe inakosea robo digrii, na dunia yenu inaongezeka au inapungua kilomita 1,000 hivi. Wapeni watoto hesabu hiyo kabla ya siku yenyewe, wataheshimu chaki.

Wengi wanasema tumia fimbo ndefu. Haisaidii kwa ukungu, kwa sababu nao unarefuka pamoja na fimbo. Dawa ni hii: bandika juu ya fimbo kipande cha kartoni chenye tundu dogo. Chini mtapata duara dogo la mwanga katikati ya kivuli cha kartoni. Hiyo ni picha ya jua. Pimeni hadi katikati ya duara, ubishi umekwisha. Ila urefu wa fimbo upimwe hadi kwenye tundu, usiishie mwisho wa mti.

Na saa: tarehe hiyo jua litakuwa juu kabisa Goma kama saa 5:54, huku kwetu kama saa 6:01. Sisi tuko magharibi kidogo, na kila digrii ni dakika 4. Kila mji upime kwa saa yake ya kivuli kifupi.

kadutu_mlimani (Bukavu)

Na sisi wa Bukavu mmetuacha nje?

lushi_fizikia

Ndugu, mko digrii 2.5. Kati yenu na Goma ni 0.8 tu, upana wa jua pekee unakula zaidi ya nusu yake. Pimaneni na sisi, hapo mna digrii 9 na ushee.

kadutu_mlimani (Bukavu)

Sawa, tutapima na nyinyi. Lakini msidhani tumekaa tu. Kwetu kila mtaa una mteremko, na kila mvua kubwa kuna nyumba inayoshuka. Watoto wangu wana kipimapembe kilichofungwa uzi na kijiwe: unachungulia kwenye ukingo wake kuelekea juu ya mlima, uzi unaonyesha digrii. Tumechora njia ya kutoka shule hadi sokoni, kila kipande na mteremko wake, na alama nyekundu pale maji yalipochimba bonde. Wameona wenyewe kwamba bonde halifuati mteremko mkali peke yake. Linafuata pale miti ilipokatwa na mtaro ulipozibwa kwa takataka.

Na takataka hizohizo zinakwenda ziwani, zinatoka na Ruzizi, zinafika kwenye bwawa la Ruzizi I, la mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu megawati 30, zinaziba mitambo, umeme unakatika. Chupa aliyoitupa mtoto Jumatatu inaweza kumzimia taa. Sasa tunapima: makundi yanakusanya plastiki ya mtaro mmoja kwa mita 50, yanaitenga kwa aina, yanaipima kwa mizani ya muuza maharage. Huyo mwenye mizani alikataa kwanza, sasa ndiye wa kwanza kuuliza “leo kilo ngapi?”

chaki_nyeupe (Ndosho)

Ndosho tumo kwenye habari ya fimbo. Makundi 10, fimbo 10. Swali: mawingu yakifunga tarehe 27? Goma Septemba hujui.

lushi_fizikia

Tunasogeza siku. Jua linahama kama digrii 0.4 kwa siku, lakini linahama kwetu sote, tofauti inabaki 10. Sharti ni kupima siku moja. Ila siku hiyo Goma mtakuwa na kivuli kidogo, kwa hiyo andikeni kinaelekea wapi. Kikielekea kusini kama cha kwetu, toeni pembe yenu kwenye yetu. Kikielekea kaskazini, jumlisheni. Msipoandika upande, namba yenu haina kazi.

jiwe_jeusi

Imeandikwa. Nafungua kundi la ujumbe kwa walimu watakaoshiriki, asubuhi ya siku hiyo kila mtu atume picha ya anga saa 4:00, tuamue kama tunapima au tunasogeza. Mama wa watatu, kama una ramani kubwa ya nchi nyumbani, ya kwetu darasani imechanika kusini ya Kalemie.

mama_wa_watatu (Himbi)

Ninayo. Mwanangu ataileta, lakini irudi.